Nani Halali katika Nyumba Hii? Kiwewe cha Dhuluma za Kihisia na Usingizi wa Wahusika

Mwalimu msomaji, kabla hujaendelea na makala hii, ninakuomba uchukue karatasi za majibu ya fasihi za mtihani wa muhula uliopita, utafute mahali ambapo mtahiniwa ametaja kwamba mhusika fulani hakupata usingizi. Aghalabu utakuta sababu moja kati ya mbili. Ama mhusika huyo anasutwa na dhamiri, ama ana mawazo mengi. Ya kwanza tunaipa alama mbili, ya pili tunaipa moja, kisha tunafunua ukurasa. Nami nimefanya hivyo kwa miaka mingi bila kujiuliza chochote.

Makala hii inanuia kukushawishi kwamba majibu yote mawili hayatoshi, na kwamba lile la kwanza, tulipendalo zaidi, mara nyingi ni kosa. Katika kazi nyingi tunazosomesha, anayekesha si mtenda bali ni mtendewa. Mtenda hulala fofofo.

Mazoea ya kuona hatia ndani ya ukosefu wa usingizi hayakuanza nasi. Wengi wetu tulikutana nayo katika Shakespeare, tukayasoma tena kwa Kiswahili katika Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi iliyotoka mwaka 1968. Macbeth anamuua Mfalme Duncan aliyelala, na tangu usiku huo usingizi unamtoroka yeye mwenyewe. Mkewe anainuka kitandani macho yakiwa wazi, akitembea na kusugua mikono kana kwamba damu ingalipo. Ni picha yenye nguvu sana, na pengine nguvu yake ndiyo iliyotuponza, kwa maana tumeigeuza kuwa kanuni: asiyelala ana jambo. Sasa itumie kanuni hiyo kwa mke anayetukanwa kila siku na mumewe, au kwa mtoto anayelelewa kwa vitisho, uone tunakomfikisha mwanafunzi. Atauliza, na ana haki ya kuuliza: huyu naye alikosa nini?

Tukubaliane kwanza juu ya istilahi. Ninaposema dhuluma za kihisia simaanishi ugomvi wa siku moja. Ninamaanisha mwenendo: matusi ya kila siku, dharau mbele ya watu, vitisho, kununiwa kwa wiki nzima, kufungiwa ndani, kutengwa na jamaa, kuambiwa huna thamani mpaka ukaanza kuamini. Sheria ya Kenya ya Kulinda Watu dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 inazitambua dhuluma hizi sawa na kipigo. Tatizo la msomaji, kama la hakimu, ni ushahidi. Kofi huacha alama, nalo jicho lililovimba huonekana na jirani. Tusi huacha nini? Hapo ndipo ninapodai kwamba usingizi ni mahali pa kwanza pa kutazama, maana humo mwili husema lile ambalo mhusika ameapa kutolisema.

Kuhusu mwili wenyewe, sayansi imeeleza mengi ambayo mwalimu wa fasihi anaweza kuyatumia bila kujifanya daktari. Mtu anayeishi karibu na tisho hubaki chonjo. Homoni za hatari, yaani adrenalini na kortisoli, hufanya kazi hata saa ambazo zilipaswa kutulia. Moyo huenda mbio, masikio husikiliza mlango. Usingizi huwa mwepesi, hukatikakatika, na ndoto za kutisha huingia. Wapo wanaochelewa kulala kwa makusudi, kwa kuwa saa za usiku wa manane, wakati wa nyumba yote imenyamaza, ndizo saa pekee zilizo zao. Wapo wasiolala bila taa au redio. Wapo, tena hawa ndio tunaowakosea zaidi, wanaolala kupita kiasi, kwa sababu usingizi umekuwa shimo la kujifichia. Mwaka 1998 madaktari Felitti na Anda walichapisha matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyiwa San Diego, Marekani, kwa maelfu ya watu wazima, wakayahesabu matusi na kudhalilishwa utotoni miongoni mwa madhara yanayomfuata mtu ukubwani. Uchambuzi wa data hizo uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba waliopitia madhara hayo utotoni walikuwa na matatizo zaidi ya usingizi wakiwa watu wazima.

Shikilia neno hilo: ukubwani. Hali hii haiondoki siku ile mhusika anapotoka katika nyumba ya mateso. Mtu huondoka, lakini mwili hubaki kana kwamba haujapata habari. Msomaji asiyejua hili hushangaa kwa nini mhusika aliyeokoka hana raha, akamwita 'mwenye kinyongo' au 'asiye na shukrani'.

Msamiati tulio nao

Kabla ya kuingia katika vitabu, tazama utajiri wa lugha yetu katika jambo hili. Sijui ni kwa nini hatuufundishi pamoja na fasihi, tukaacha uishie katika maswali ya isimujamii na ufahamu.

Mtu mwenye amani hulala usingizi wa pono, samaki yule ambaye wavuvi wa pwani wanamjua kwa kulala mzito hata akafikiwa kwa mkono. Asiye na amani hupata usingizi wa mang'amung'amu: hayuko macho, hakulala. Akizidiwa, hapati hata lepe. Hugaagaa. Hugutuka. Huweweseka, yaani husema usingizini yale asiyothubutu kuyasema mchana. Kitenzi hiki ni hazina kwa mhakiki, kwa sababu kinaonyesha ulimi uliofungwa ukifunguka bila idhini ya mwenyewe.

Kisha kuna jinamizi. Wanafunzi wetu hulitumia kwa maana ya ndoto mbaya tu, lakini wazee walilieleza kama kitu kinachomjia aliyelala, kikamkalia kifuani, akataka kupiga kelele asiweze. Unaweza kukisikia kitenzi 'inama' ndani ya neno lenyewe. Wataalamu wa usingizi nao wanaeleza kwamba katika awamu ya ndoto misuli ya mwili hulegezwa kabisa, na kwamba mtu akizinduka kabla misuli haijarudiwa na nguvu hujikuta macho wazi, amebanwa, hana sauti. Usingizi uliovurugika huongeza uwezekano wa hali hiyo. Lakini ninachotaka ukione ni ile taswira: kitu kizito juu ya kifua, na mdomo usiotii. Ukitaka jazanda ya mke au mtoto anayedhulumiwa kwa maneno ndani ya nyumba isiyo na shahidi, huna haja ya kwenda mbali. Lugha ilikwisha kuiandaa.

Saa za Bogoa

Nianze na hadithi fupi, 'Tulipokutana Tena' ya Alifa Chokocho, katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine. Bogoa anatolewa na wazazi wake, kwa ajili ya umaskini, akalelewe mjini na Bi Sinai. Huko anageuka mtumishi. Anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Ananyimwa masomo, anazuiwa kucheza na wenzake. Baada ya miaka mingi anakutana na marafiki wa utotoni, nao ndipo wanaposikia yaliyokuwa yakitendeka karibu nao.

Maelezo tuliyozoea kuwapa wanafunzi ni 'ajira ya watoto', 'ukatili', 'athari za umaskini'. Yote ni kweli. Lakini tazama kile kipengele cha kuamka wa kwanza na kulala wa mwisho, ambacho wanafunzi hukinukuu haraka kama idadi ya kazi. Si kazi peke yake. Ni umiliki. Mtoto wa umri wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Ndivyo wataalamu wa usingizi wa Marekani walivyopendekeza mwaka 2016. Waambie wanafunzi wako wahesabu wenyewe: nyumba ya mjini hulala saa ngapi, chai huwa tayari saa ngapi, mtoto anayetangulia moja na kufuata nyingine anabakiwa na nini? Bi Sinai hakuchukua nguvu za Bogoa tu, amechukua usiku wake. Mtu ambaye usiku wake uko mikononi mwa mwingine hana mahali pa kuwa yeye mwenyewe, hata ndotoni.

Kuna jambo la pili. Bogoa mtu mzima ana uchungu na wazazi wake. Wanafunzi wengi humlaumu kwa hilo: mbona asimlaumu Sinai? Mimi naona uchungu huo unatokana na saa zilezile. Mtoto aliyelala wa mwisho alikuwa na muda mrefu wa kuwa macho peke yake, na swali linalomjia mtoto gizani si 'kwa nini mtu huyu ananitesa' bali ni 'kwa nini walio wangu walinileta hapa'. Swali la namna hiyo halimwachi mtu kwa kubadilisha nyumba. Hiki ni kisomo changu, nawe unaweza kukikataa, lakini ukikikataa utabaki na deni la kueleza uchungu huo kwa njia nyingine.

Ushahidi dhidi ya Bi Zuhura

Katika Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora, Bi Zuhura anaishi katika nyumba kubwa ya mtawala wa Sokomoko. Hakosi chakula wala mavazi. Anachokosa ni mume. Mtemi Nasaba Bora ana nyendo zake nje, na mwandishi anatuonyesha mwanamke aliyeachiwa kitanda kipana na ukimya. Miongozo mingi inampa sifa mbili: mpweke na mvumilivu. Iko mingine inayomwongezea tamaa. Hapo naomba tusimame.

Kupuuzwa na mtu unayeishi naye ni dhuluma ya kihisia, hata kama hakuna sauti iliyopandishwa. Ina ukatili wake wa pekee, maana haina saa maalumu. Mke anayejua mumewe harudi leo anaweza kulala. Mke asiyejua hulala mang'amung'amu. Basi mtazame Bi Zuhura kama mtu aliyefundishwa na nyumba yake kukesha, kisha uusome upya usiku ule Mtemi anapomkuta pamoja na Amani. Mtemi hasubiri maelezo. Amani anaumizwa vibaya, na Bi Zuhura anapewa talaka.

Kinaya cha tukio hili wanafunzi hukiona nusu. Wanaona kwamba mzinzi anamhukumu asiye na hatia; hiyo ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni kwamba anachohukumiwa Bi Zuhura ni kuonekana macho, tena na mtu mwingine, saa ambayo mke 'mwema' alipaswa kuwa amelala. Ule ukeshaji uliosababishwa na Mtemi ndio Mtemi anaouchukua kama ushahidi. Aliyemnyima usingizi anamtia hatiani kwa kutolala. Na yule aliyekuwa hayupo nyumbani usiku baada ya usiku, hakuna baraza lililomwuliza alikuwa amelala wapi.

Nikiri kwamba mara ya kwanza nilipoisomesha riwaya hii nilimpa Bi Zuhura dakika kumi. Dakika nyingine zote za kipindi nilizimalizia kwa ardhi na uongozi mbaya.

Utengano cha Said Ahmed Mohamed (1980) kinatupa sura nyingine, na wenzangu waliokisomesha miaka ya 2000 watanisahihisha nikikosea uzito. Nyumba ya Maksuudi ni nyumba ya kusikiliza. Maimuna amefungiwa utawani. Mamake, Bi Tamima, anaishi kwa kupima hasira za mume. Naye Maksuudi mwenyewe, mlinzi mkuu wa heshima, ana usiku wake kwa Kazija. Maimuna anapotoroka tunamfuata hadi kwa Mama Jeni, kwenye ulevi na biashara ya mwili, na hapo ndipo kalamu zetu huandika 'matokeo ya malezi makali'. Sawa. Lakini fikiria msichana aliyetoka katika nyumba ambamo usiku unalindwa, akaingia katika nyumba ambamo usiku unauzwa. Hakupitia mahali popote ambapo usiku ni wake. Hata huo ulevi tunaouorodhesha chini ya uozo wa jamii unaweza kusomwa hivi: pombe huleta usingizi upesi, kisha huukata katikati, mnywaji akaamka usiku wa manane mchovu kuliko alivyolala. Ni dawa ya mtu asiyejua kulala, na ni dawa mbovu. Simaanishi kwamba mwandishi alilenga somo la tiba. Ninamaanisha kwamba kisomo hiki kinamrudishia Maimuna sababu, pale ambapo tulizoea kumpa tabia tu.

Kwa Rosa Mistika cha Kezilahabi (1971) nitapita haraka, kwa kuwa Zakaria anapiga, na makala hii ni ya wasiopigwa au waliopigwa kwa maneno kwanza. Lakini mwalimu anayekisoma ajiulize tu watu wa nyumba ile walikuwa na usiku wa namna gani wakati baba yuko kilabuni: Regina, Rosa na wadogo zake. Barua ya Charles iliyomletea Rosa kipigo haikuwa mwanzo wa hofu. Hofu ilikuwapo, ikingoja sababu.

Katika tamthilia ya Timothy Arege, Bembea ya Maisha, Sara ni mgonjwa. Miaka ya nyuma alisimangwa na wanakijiji kwa kukawia kuzaa, kisha kwa kuzaa wasichana watupu, na mumewe Yona akalewa na kumpiga. Wanafunzi huuona ugonjwa kama tukio la msuko, kitu cha kuwapeleka wahusika mjini kwa Neema. Waulize kama ugonjwa huo haukuwa na historia.

Pingamizi

Mwenzangu mmoja katika idara, mtu wa umbuji anayeheshimu matini kuliko kitu chochote, aliniambia kwamba wahusika hawapelekwi hospitalini. Wao ni maneno kwenye karatasi, hawana homoni. Pingamizi hilo ni zito na ninalikubali kwa sehemu. Hatuna ruhusa ya kumpa mhusika ugonjwa ambao matini haiubebi, na si kila anayekesha ana kiwewe. Malenga wetu wamekesha kwa mapenzi karne nyingi, na hakuna aliyewadhulumu ila kope za mtu. Mwenye deni hukesha. Mwizi hukesha pia, tena kwa bidii.

Kwa hiyo ninaomba vitu viwili tu kutoka kwa mwanafunzi. Kwanza, aonyeshe mahali ambapo matini inagusa usiku, kitanda, mlango, kuchelewa au kuamka. Pili, kabla ya kusema sababu, aonyeshe ni nani katika nyumba hiyo anayelala vizuri. Swali la pili ndilo hufungua kazi. Darasa likishajua kwamba Mtemi hana shida na usingizi wake wala Bi Sinai na wake, ile kanuni ya dhamiri huanguka yenyewe, bila mwalimu kuhubiri.

Nilijifunza swali hilo kwa aibu. Nilikuwa na msichana katika Kidato cha Tatu, shule ya bweni, aliyesinzia vipindi vyangu vyote vya baada ya chakula cha mchana. Nilimsimamisha nyuma ya darasa mara mbili, na mara ya tatu nikamwita mvivu mbele ya wenzake. Kisha tukafika kwa Bogoa. Niliwauliza wanafunzi waandike aya moja: je, Bogoa akipewa leo chumba chake na kitanda chake, atalala? Wengi waliandika ndiyo, kwa kuwa mateso yamekwisha. Yeye aliandika kwamba hatalala, kwa sababu hajui kulala, alifundishwa kukaa macho. Atalala mchana, kwenye watu wengi na kelele, kwa kuwa hapo hakuna anayeweza kumjia peke yake.

Nilisoma aya hiyo mara kadhaa nikiwa nimeshika kalamu nyekundu. Sikumwuliza chochote darasani, na nawe nakusihi usimwulize mwanafunzi wako mbele ya watu. Nilimpelekea mwalimu wa ushauri nasaha, mama mwenye busara, naye akazungumza naye kwa wiki kadhaa juu ya nyumbani kwao, mambo ambayo si yangu kuyaandika. Hakuwa amepigwa hata siku moja. Mwishoni aliulizwa shule inaweza kumfanyia nini. Tulidhani ataomba ruhusa ya kwenda nyumbani, au ya kutokwenda. Aliomba abadilishiwe kitanda bwenini, apewe cha chini upande wa pili, ambacho mtu akilala anauona mlango.